Mwanangu, Yanga ni ya wananchi kwa lipi

Marahaba baba. Voisi yako nimeirudia leo asubuhi ndo nikaielewa, ile jana bodaboda zilikuwa zinapita dirishani sisikii kitu. Unasema wenzako wa ofisini hapo Mwanza, wale wa upande wa pili, wa Simba, wamekubana wakati wa chai wakakuuliza Yanga ni timu ya wananchi kwa lipi wakati jezi ni rangi za chama cha CCM, hela ni ya tajiri, na makao makuu mvua ikinyesha yanaingia maji, na wewe ukakosa la kusema ukaishia kuwaita makolo, lile jina la kuwakejeli Simba. Sasa hilo ni jibu? Nakuandikia maana kwenye simu huwa unanikatisha kila dakika.

Kwanza ujue mji wenyewe ulikuwaje. Dar ya Mwingereza iligawanywa kwa rangi, Uzunguni kule kwenye upepo wa bahari, Uhindini katikati penye maduka, alafu panakuja uwazi wa Mnazi Mmoja, ukishavuka ndo unaingia Kariakoo kwa Waafrika, na ule uwazi haukuachwa ili watoto wapate pa kuchezea. Vijana wa Kariakoo ndo hao makuli wa bandarini, makarani wadogo, mafundi cherehani, mchana kutwa wanaitikia ndio bwana, jioni wana mpira. Humo ndo ikazaliwa Young Africans, ndo hii Yanga, tarehe 11 Februari 1935. Mwaka uliofuata tu wakagombana (ndio, mapema hivyo) kundi likatoka likajiita Queens, baadae Eagles, baadae Sunderland. Sunderland baba, timu ya Uingereza, na jina hilo wakakaa nalo mpaka 1971, nchi ina uhuru wa miaka kumi, ndo wakawa Simba. Hapo nakuachia mwenyewe. Ila usije ukaropoka mbele za watu kwamba Simba ilikuwa timu ya wageni, watakuumbua, walikuwa Waafrika wale wale wa mitaa ile ile, nyumba moja huyu kijani huyu nyekundu na chungu ni kimoja.

Hili la chama ndo rahisi kabisa. TANU imezaliwa Julai 1954, klabu ilishakuwa na miaka 19. Bendera ya TANU ilikuwa kijani na nyeusi. CCM yenye hiyo kijani na njano imezaliwa Februari 1977, sasa mkubwa nani hapo? Ni kweli wazee wengi wa Yanga walikuwa TANU, kwani Kariakoo ya miaka ile nani hakuwa na kadi ya TANU? Na mzee Karume wa Zanzibar mkono wake upo kwenye lile jengo la makao makuu yetu, mitaa ya Twiga na Jangwani, hatufichi. Lakini wanasiasa ndo waliokuja kwenye timu kwa sababu watu walikuwepo tayari, kama wanavyokuja leo wakiona uwanja umejaa.

Na maji, wanatuita vyura sawa, tumezoea. Waulize tu ule mto unaotujazia maji pale Jangwani unaitwaje. Unaitwa Msimbazi, jina lile lile la mtaa wa klabu yao Simba. Hata mvua ina timu.

Sasa nikupeleke kwenye jibu lenyewe. Watu wakisikia wananchi wanadhani tunamaanisha tuko wengi. Wengi hata wao wapo. Mimi nakwambia Yanga ni ya wananchi kwa sababu imeshavunjika mara nyingi sana na kila ikivunjika wanaobaki kuiokota ni watu wa kawaida. Angalia. Mwisho wa miaka ya sitini tulikuwa hatushikiki, ubingwa kuanzia 1968 mpaka 1972 mfululizo, tarehe 1 Juni 1968 tumewapiga Sunderland tano bila, enzi za kina Maulid Dilunga na Kitwana Manara. 1969 tumefika robo fainali ya Afrika, na Asante Kotoko wa Ghana tumetoka sare, tumetolewa kwa kurusha shilingi. Shilingi! Babu yako mpaka anaingia kaburini alikuwa anaamini ile shilingi ilikuwa na upande mmoja. Kwenye kikosi cha enzi hizo ndo akaibukia Sunday Manara waliyemwita Computer, akaja kucheza mpaka Uholanzi kule Heracles, ndo baba yake Haji huyo aliyekuwa msemaji wao Simba akahamia kwetu 2021. Damu haipotei baba.

Alafu 1976 klabu ikapasuka katikati. Kugombana juu ya kocha na uongozi, mastaa wengi wakatoka wakaunda Pan African, na mjini watu wakagawana majina kwa viatu, waliotoka, wale wa mambo makubwa, wakaitwa Raizon, viatu virefu vya fasheni wakati ule, waliobaki na klabu wakaitwa Kandambili. Walikuwa wanawacheka. Babu yako alibaki Kandambili na alikuwa anatembea nazo kweli, makusudi, mpaka msikitini.

Mwaka uliofuata ndo ile tarehe 19 Julai 1977, ambayo hao wenzako lazima wamekutajia. Sita bila. Kibadeni kafunga matatu, Jumanne Masimenti mawili, na moja tulijifunga wenyewe. Mimi nilikuwa msichana mkubwa tu, redio ipo kwenye kiti barazani, bao la nne babu yako akainuka akaipunguza sauti, hakuizima, akaipunguza. Asubuhi yake jirani yetu wa Simba, mzee mpole tu siku zote, akamtuma mwanae na sahani imefunikwa kwa kawa, kufunua maandazi sita. Bibi yako akataka kuyamwaga. Mzee akasema leteni chai. Akala, akatugawia na sisi, likabaki moja, akalirudisha kwenye sahani akamwambia yule mtoto, mpelekee baba yako hili mwambie la kujifunga halihesabiki. Kule nje tukasikia jirani anavyocheka. Na 1982 hao Pan African wakachukua ubingwa kweli, tukavumilia, klabu haikuhama mtaa. Baadae tena kukawa na Yanga Kampuni na Yanga Asili, makesi mahakamani, watu wa saluni moja hawasalimiani. Ukiona watu wanapelekana mahakamani kwa kitu ujue kila mmoja anaamini ni chake.

Hilo la tajiri sasa. Hawakosei sana, tajiri yupo na amekuwepo. Marehemu Yusuf Manji alitubeba, alipojiuzulu 2017 tukabaki na ukata, wachezaji hawalipwi, na Simba ndo wanaanza kuchukua ubingwa wao wa mara nne mfululizo. Unakumbuka bakuli? Ulikuwa chuo wakati huo ukajifanya huoni meseji za grupu. Kocha Mwinyi Zahera, Mkongo yule, ndo akawa anahimiza watu wachange, na watu wakachanga, kwenye simu, mtu anatuma buku, anatuma buku mbili, mama ntilie hapa kwetu alikuwa anatoa kwenye hela ya mkaa. Walitucheka wakatuita ombaomba, na msimu ule wa 2018/19 tukamaliza wa pili. Wa pili kwa bakuli baba! Mimi ubingwa wote 31 mpaka 2025 naupenda lakini ukiniuliza msimu gani nilijivunia, nakutajia ule ambao hatukuchukua kitu.

GSM, kampuni ya tajiri aliyekuja baadae, wamekuja wamekuta hao watu wapo. Na Injinia Hersi urais wa klabu aligombea akapigiwa kura na wanachama 2022, kilichobadilika kikapitia mkutano. Na hata huo utaratibu wa hisa ambao nchi imeuweka ni kwamba wanachama wabaki na asilimia 51, wawekezaji wasizidi 49, kwetu na kwao. Sasa kama hao 51 wamelala, hawalipi ada, hawaendi mkutanoni, kazi yao kupost jezi, basi hao wenzako wana haki ya kuuliza. Hapo ndo nakuangalia wewe.

Fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023 sikusimulii sana maana tulikuwa wote pale kwa Mkapa, USM Alger wametufunga mbili Mayele akarudisha moja, watu wanatoka uwanjani kama wametoka msibani, alafu wiki ile ile tunaenda kwao Algiers tunawafunga moja, Djuma Shabani kwa penati, Diarra akapangua ya kwao, na kombe likaenda kwa goli la ugenini. Tumeshinda fainali tumekosa kombe. Shilingi ya 1969 ile ile. Na Novemba mwaka huo huo tumewapiga Simba tano moja, hiyo wakumbushe taratibu, wakati wa chai hivyo hivyo.

Ukitaka kuwajibu vizuri lakini, kadi yako imekufa toka mwaka juzi, mjomba wako kaniambia. Hela usinitumie mimi nitainunulia unga, mtumie yeye moja kwa moja ndo katibu wa tawi, na umwambie mapema kabla ya kikao cha Jumapili maana huwa anasoma majina ya wadaiwa kwa sauti.