Diski za ofa: kabla hujatoa pesa

Ofa za mwisho wa mwaka zikianza, maswali yanayoletwa kwenye safu hii huwa ya namna moja: diski fulani imeteremshwa bei, je, niichukue? Nimechagua machache, nikayafupisha, na majina ya wenyewe nimeyaacha.

*Shikamoo. Mimi ni mpiga picha za harusi hapa Majengo, Mombasa. Laptopu imejaa. Dukani nimeona diski za nje za TB 1 hadi TB 4, na punguzo kubwa zaidi liko kwa ile ya TB 1. Nichukue hiyo?*

Marahaba. Asilimia ya punguzo iweke kando kwanza, kisha gawanya bei kwa idadi ya terabaiti (TB; kila moja ni gigabaiti, yaani GB, elfu). Chukua mfano: ya TB 1 ilikuwa shilingi 9,000 ikashuka hadi 6,000, na ya TB 4 ilikuwa 16,000 ikashuka hadi 14,000. Ya kwanza imepungua thuluthi nzima, na ndiyo iliyobandikwa karatasi nyekundu. Lakini hapo unalipa 6,000 kwa kila terabaiti, na kwenye ile kubwa unalipa 3,500. Kasha, mota, kibao cha USB na waya ni karibu vilevile kwa diski ndogo na kubwa, kwa hivyo diski ndogo haiwezi kushuka bei kupita kiasi fulani.

Sasa piga hesabu ya kazi yako. Kamera inayorekodi video kali ya 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde hula GB 45 kwa saa. Saa sita za shughuli, tangu bi harusi anapambwa hadi anaingizwa ukumbini, ni GB 270. Diski ya TB 2 itabeba harusi saba za kamera moja. Ukiwa na kamera mbili, hata nne hazitimii.

Hata hivyo usikimbilie ile ya TB 4. Kwa pesa hizo mimi ningetafuta mbili za TB 2, nikaweka mambo yaleyale kwenye zote mbili, hata kama kila terabaiti itapanda bei kidogo. Kampuni ya Backblaze ya Marekani, inayohifadhi data za watu kwa malaki ya diski, hutangaza takwimu zake kila mwaka. Mwaka 2024 zilizokufa zilikuwa kama moja na nusu katika kila mia. Na hizo zimekaa kwenye vyumba vyenye baridi, hazitikiswi wala hazidondoki. Yako inapanda tuktuk. Gharama ya kurejesha data kutoka kwenye diski iliyokufa hupita bei ya diski mpya kwa mbali, na bi harusi hawezi kuingizwa ukumbini mara ya pili kwa ajili yako. Ndiyo maana nikiulizwa kama diski ni rahisi, nami huuliza: ni rahisi kiasi cha kununua mbili?

*Kuna kijana anauza eksteno (diski za nje) za TB 16 kwa shilingi 2,500, ndogo kama kiberiti. Nimeichomeka kwenye kompyuta ya rafiki, ikaonyesha TB 16 kweli. Mbona wengine waniambia ni feki? (Kisauni)*

Ni feki, na wala sihitaji kuiona. Diski ya sahani zinazozunguka yenye ukubwa wa kuingia mfukoni imefika TB 6 tu, na hiyo yenyewe ilitoka mwaka 2024. Diski ya kuzunguka ya TB 16 ipo, lakini ni ya inchi tatu na nusu, nzito kama tofali dogo, na haiwaki bila adapta yake ya umeme. Za SSD, yaani zisizo na sahani, za kubeba mkononi, nyingi huishia TB 8, kwa bei ambayo hata kwenye ofa itakufanya ukae chini.

Kompyuta yako haikudanganya, ilidanganywa. Ukichomeka diski, kompyuta haipimi nafasi. Huiuliza chipu ya ndani, nayo hujibu ilivyopangiwa kujibu. Walaghai huchukua memori kadi ndogo, pengine ya GB 64, wakaigandisha kwa gundi kwenye kibao cha USB, wakaipanga chipu ijibu TB 16. Wengine hutia na kipande cha chuma ndani ili ukiishika uhisi uzito. Faili za mwanzo zitaingia na kufunguka vizuri. Ikishajaa ile GB 64, zinazofuata zinaandikwa juu ya za zamani au zinatupwa. Majina ya faili utayaona yote kwenye folda. Ukizifungua ndipo utakapojua, na wakati huo kijana ashahama kona.

Dawa ni kuijaza yote na kuisoma tena kabla ya kuiamini. Kwenye Windows kuna programu ya bure iitwayo H2testw; kwenye Linux na Mac kuna F3. Zinaandika data hadi mwisho wa diski kisha zinahakiki kila kipande. Inachukua muda: diski halali ya TB 2 inayoandika megabaiti (MB) 100 kwa sekunde itamaliza kuandikwa baada ya saa tano na nusu, na kusomwa ni kama muda huohuo tena. Iwashe usiku, ulale. Hata ukinunua duka la kuaminika, lifanye zoezi hili, kwa sababu diski yenye kasoro ya kiwandani mara nyingi huanza kuonyesha kasoro ikilemewa namna hii, na heri ionyeshe wakati risiti bado mbichi.

*Nimenunua ya TB 2, Windows yasema 1.81. Nimepunjwa? (Changamwe)*

Hujapunjwa. Kiwanda huhesabu terabaiti kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1,024, na herufi wanazoandika ni zilezile. Ya TB 1 itaonyesha GB 931, ya TB 4 itaonyesha 3.63. Ikionyesha chini ya hapo kwa mbali, rudi dukani.

*Mwanangu, nataka kuhifadhi picha za kale za ukoo. Nimeonyeshwa diski zilizotumika kutoka Uingereza, bei nusu. Muuzaji asema ni safi. Wewe waonaje? (Mzee wa Mji wa Kale)*

Shikamoo mzee. "Safi" ni neno la muuzaji; muulize akufungulie CrystalDiskInfo. Ni programu ya bure inayosoma hali ya diski, na fundi yeyote anayeuza diski akikwambia haijui, mwage kwa heri. Itaonyesha mambo manne ya kutazama. La kwanza ni saa ambazo diski imewaka. Mwaka mmoja bila kuzimwa ni saa 8,760, kwa hivyo ikisoma 35,000 imekula karibu miaka minne ya kazi. Kisha tazama mistari mitatu yenye alama 05, C5 na C6, inayohusu sehemu za diski zilizoharibika au zinazokataa kusomeka. Katika safu ya thamani ghafi (Raw Values), tarakimu ziwe sifuri tupu. Zikiwa na kitu chochote, hata kidogo, mrudishie diski yake kwa upole. Halafu iweke sikioni ikiwa inazunguka: mvumo mwembamba ni sawa, sauti ya tik-tik inayojirudia si sawa.

Kuna michezo miwili ya kuangalia. Mmoja ni diski ya laptopu kuukuu kuvishwa kasha jipya na kuuzwa kama eksteno mpya. CrystalDiskInfo itakuonyesha modeli halisi na saa zake, hata kasha likiwa bado na plastiki. Wa pili ni mgumu zaidi. Mwanzoni mwa 2025 iligunduliwa Ulaya kwamba diski za Seagate zilizotumika, nyingi zikidhaniwa zimetoka kwenye uchimbaji wa sarafu ya kidijitali ya Chia, zilikuwa zimefutwa hesabu ya saa na kuuzwa kama mpya. Zilinaswa kwa sababu diski za Seagate zina kumbukumbu ya pili ya ndani, iitwayo FARM, ambayo walaghai walikuwa hawajaifuta. Programu ya smartctl, nayo ni ya bure, huweza kuisoma. Namba ya utambulisho ya diski (serial number) pia iingize kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza, uone kama waranti ipo na inahesabiwa kutoka lini.

Rai yangu: diski iliyotumika ichukue iwe nakala ya pili, isiwe ya kwanza. Picha ambazo wenyewe washatangulia mbele ya haki hazina pa kupigwa tena. Na ukiinunua, ifute yote kabla ya kuweka chako. Zinakuja na mizigo ya wenyewe ndani, hati za benki na picha za watoto wa watu, na si jambo la kuanza kuchungulia.

*Nyumba yetu iko karibu na bahari. Friji, baiskeli, hata pini za nywele zaota kutu. Diski itadumu kweli? (Nyali)*

Itadumu, ila si kwa kuiacha juu ya kabati. Sahani za ndani zimefungwa vizuri, na kitundu cha hewa kina chujio. Kinacholiwa na chumvi ni nje: meno ya USB na kibao cha saketi. Ukiona lazima uutikise waya ndipo diski ionekane, tatizo liko hapo, na kwanza jaribu waya mwingine kabla ya kuililia diski.

Iweke kwenye mkebe wa plastiki wenye kifuniko cha kubana, ule wa kuwekea mahamri, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Usiitie kwenye friji. Wapo wanaoshauri hivyo na sijui waliupata wapi ushauri huo. Ikitoka kwenye baridi na kukutana na joto letu la Februari, itafanya jasho mwili mzima. Kwa sababu hiyohiyo, ikitoka kwenye chumba cha kiyoyozi iache nusu saa kabla ya kuiwasha mahali penye joto.

Zaidi ya kutu, mimi ningeogopa stima. Diski ndogo inayokula umeme wa laptopu haina shida sana, betri ya laptopu inaikinga. Ile kubwa yenye adapta yake huzimika ghafla stima ikikatika, na ikiwa ilikuwa inaandika, waweza kupoteza folda nzima. Kama umeipata kwa ofa nzuri, jumlisha na bei ya UPS ndogo (betri ya kushikilia umeme stima ikikatika) kabla hujajipongeza. Na kama imetoka Marekani, soma adapta: ikiandikwa 100-240V utahitaji kubadilisha plagi tu.

*Nataka diski moja niitumie kwenye Windows, kwenye Mac ya dadangu na kwenye televisheni. Nifomati vipi? (Tudor)*

Chagua exFAT, mmoja wa mifumo ya kupanga faili kwenye diski. Mifumo mingine ina kasoro: FAT32 haikubali faili moja inayozidi GB 4, na NTFS Mac huisoma bila kuiandika. Televisheni za miaka ya karibuni nyingi hukubali exFAT, lakini jaribu yako kwanza. Tahadhari moja: exFAT haivumilii kuchomolewa kienyeji, kwa hivyo itoe kwa amri ya kompyuta, kila mara.

*Kwa nini nihangaike na diski na Google ipo? (Mikindani)*

Google ipo, ila ya bure ni GB 15, na ndani yake mnagawana barua pepe, Drive na picha. Zamani picha zilizobanwa hazikuhesabiwa. Tangu tarehe 1 Juni 2021 zinahesabiwa. Zaidi ya hapo ni kulipa kila mwezi, na kupandisha GB 270 kwa bando ni kazi ya kumpa adui yako.

Lakini usiidharau. Moto au mwizi akiingia nyumbani haulizi una diski ngapi. Zote mbili ziko droo moja, zote zinaondoka. Wapiga picha wana kanuni ya tatu-mbili-moja: nakala tatu, kwa vyombo vya aina mbili, na moja iwe mahali pengine. Vyeti, hatimiliki na picha chache za thamani zitatosha kwenye hiyo GB 15. Mizigo mizito iweke kwenye diski mbili, ya pili ipeleke kwa shemeji Mtwapa, na kila mnapokwenda kula sikukuu mnabadilishana. Kwanza ifunge kwa nywila, programu ya VeraCrypt ni ya bure, maana watoto wa shemeji nao wana macho.

*Nilinunua eksteno mjini, siku ya tatu ikafa. Mwenye duka akanionyesha risiti: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Basi imekwisha? (Likoni)*

Haijakwisha. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa na ya kulipwa hasara inayotokana na kasoro, na mstari uliopigwa chapa chini ya risiti haufuti Katiba. Mara nyingi ukilitaja hilo kwa sauti ya chini, mbele ya wateja wengine, meneja hutokea. Rudi na diski, kasha, waya wake na risiti. Kama unataka vilivyomo ndani, usiendelee kuichomeka na kuichomoa ukijaribu bahati. Kila mara inapozunguka ikiwa mbovu inazidi kujikwaruza.

Na unaponunua nyingine, lipia kwenye till ya duka ili ujumbe wa M-Pesa ubaki na jina la biashara, si kwa namba ya simu ya mhudumu. Mwambie aandike namba ya utambulisho ya diski kwenye risiti, maana bila hiyo atasema hii siyo niliyokuuzia. Kisha mwombe aichomeke palepale kaunta, mfungue CrystalDiskInfo pamoja, ukiwa bado hujatoa pesa.