Kabla hujamwandikia mzee mstaafu kuomba msaada

Wiki iliyopita msomaji mmoja kanitumia ujumbe. Ana kesi ya kiwanja, kashindwa kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mdogo wake anadaiwa na benki. Mtoto wake kamaliza chuo, kazi hana. Anataka nimsaidie kumwandikia waziri mmoja mstaafu wa huko kwao, na shida zote tatu ziingie kwenye barua moja. "Kaka, mzee akipiga simu moja tu, mambo yanaisha."

Nilicheka, ila si kwa dharau. Barua za namna hiyo nimezifungua kwa mikono yangu. Kabla ya mambo haya ya kuandika mtandaoni nilikuwa karani wa mzee mmoja aliyewahi kuwa mkubwa serikalini, jina lake naliacha. Kazi yangu ilikuwa kupasua bahasha, kumsomea kwa sababu macho yalishachoka, na kuchapa majibu. Nyingi zilianza hivi: "Shikamoo Mzee. Ni matumaini yangu u mzima wa afya." Halafu kurasa mbili za ukoo, nani kamuoa shangazi wa nani, na shida yenyewe inachomoza mwishoni kabisa, imebanwa pembeni mwa karatasi kwa sababu nafasi imeisha. Mwingine aliambatanisha hukumu nzima, kurasa kwa kurasa, akasahau kuandika namba ya simu. Ilifika mahali nikawa naijua shida kwa kushika bahasha tu: nene ni kesi, nyembamba ni deni, ya kaki yenye vyeti ni kazi. Sijisifu, lakini sikukosea mara nyingi.

Baadaye nikaanza kusoma barua za Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, nikaona kumbe ofisi yetu ilishawahi kuwepo jimboni Virginia. Jefferson aliachia urais mwaka 1809 akarudi shambani kwake Monticello. Mwaka 1822 alimwandikia John Adams, rais mstaafu mwenzake, kwamba kahesabu barua alizopokea mwaka 1820 peke yake: 1,267. Akasema hayo ni maisha ya farasi wa kinu, azungukaye mpaka kifo kimtoe. Na kifundo cha mkono wake wa kulia kiliteguka mwaka 1786 akiwa Paris, hakikupona sawasawa, kwa hiyo uzeeni kuandika kulimuuma. Alikuwa na mashine ya kalamu mbili, akiandika kwa moja ya pili inafuata na kunakili. Nakala alipata. Maumivu yalibaki palepale.

Sasa wewe mwenye kesi. Unadhani mstaafu yuko juu ya mahakama? Jefferson mwenyewe alishtakiwa akiwa keshastaafu, tena kesi ya ardhi kama yako. Mwaka 1810 wakili aitwaye Edward Livingston alimdai fidia ya dola 100,000 kwa sababu, akiwa rais, aliagiza atolewe kwenye kipande cha ukingo wa mto Mississippi huko New Orleans. Rais mstaafu akahangaika kutafuta mawakili, akafukua hadi sheria za Kirumi na za Kifaransa kujitetea. Mmoja wa majaji alikuwa John Marshall, ndugu yake wa mbali ambaye hawakuiva chungu kimoja. Kesi ilitupwa Desemba 1811 kwa hoja ya kisheria tu: mahakama ile ya Virginia haikuwa na mamlaka juu ya mgogoro wa ardhi iliyoko New Orleans. Hapakuwa na simu ya mkubwa.

Kwetu Tanzania, rufaa kutoka Baraza la Wilaya kwenda Mahakama Kuu ina siku 45. Kwenye droo ya mzee wangu kulikuwa na barua za kesi zilizolala zaidi ya hizo siku, na wenyewe nyumbani wanasema "tunamsubiri Mzee". Tangu 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria, wasio na uwezo wanasaidiwa na watoa huduma waliosajiliwa. Anzia huko. Nimeshaandika haya mara kadhaa na nitayaandika tena.

Kuhusu deni, hapo ndipo watu hawanielewi. Mnaona nyumba ya ghorofa mnadhani kuna pesa. Jefferson aliuza maktaba yake mwaka 1815, vitabu zaidi ya 6,000 kwa dola 23,950, na bado hakutoka kwenye madeni. Mwaka 1818 akamdhamini Wilson Cary Nicholas, gavana wa zamani na baba mkwe wa mjukuu wake, mkopo wa dola 20,000. Mwaka uliofuata uchumi ukaporomoka, Nicholas akashindwa, mzigo ukamrudia mdhamini. Miezi michache kabla ya kufa, yule aliyeandikiwa na kila mwenye shida alikuwa akiliomba bunge la Virginia limruhusu kuchezesha bahati nasibu ya mali yake. Alikufa Julai 4, 1826 akidaiwa zaidi ya dola 100,000. Januari 1827 watu 130 aliowamiliki kama watumwa wakatangazwa mnadani pale Monticello, familia zikatawanywa. Halafu wewe unataka mzee wa watu aweke sahihi kwa mkopo wa mdogo wako!

Na kazi. Alipoondoka tu madarakani Jefferson alitoa waraka wa kuwajibu waomba vyeo: kwa kuwa rais mpya, Madison, ni rafiki yake, amejiwekea sheria ya kutomwombea mtu nafasi. Hakuushika kila mara. Sisi nasi tulikuwa na wetu, nimeutunga mimi: "Barua yako imepokelewa na imewekwa katika kumbukumbuku." Ndiyo, na kosa la uchapaji humohumo. Siku nilipoomba mwenyewe barua ya utambulisho kwa ajili ya kazi fulani, nilirudishiwa karatasi hiyohiyo, na "kumbukumbuku" yake. Mpwa wa mzee aliyekuja likizo aliondoka na kurasa mbili za sifa. Nilizichapa mimi.

Kwa hiyo vijana, acheni kuabudu vimemo. Mstaafu hana tena fungu wala muhuri, amebaki na jina na kumbukumbu. Mwombe vitu hivyo. Ukurasa mmoja, shida moja, ombi kwenye mstari wa tatu, namba ya simu juu.

Wewe msomaji wangu umeniambia mzee huyo ndiye alikuwa mkuu wa wilaya viwanja vilipogawiwa. Basi mwombe akueleze anachokumbuka kuhusu ule ugawaji, na ofisa ardhi wa wakati huo alikuwa nani, kisha wakili aone kama kinafaa kwenye rufaa. Barua hiyo nitakusaidia, nitumie namba ya kiwanja na tarehe ya hukumu leo. Mdogo wako aende benki mwenyewe.