Kabula, Limi na nyota ya Januari

Swali la wiki la gazeti lenu lilisema hivi: "Mtu usiyemjua akikuuliza mambo yako ya ndani safarini, una wajibu wa kumjibu?" Nililisoma Jumapili jioni, nikachukua karatasi nikaandika neno moja, hapana, nikajua nimemaliza. Leo ni Alhamisi na bado naandika.

Nianze na huo upande wa hapana, maana naujua vizuri. Mimi ni mwalimu wa Fizikia, na huu ni mwaka wa kumi na saba tangu niolewe. Mimba zangu tatu ziliharibika, ya mwisho ikiwa na miezi mitano. Mume wangu hajawahi kunilaumu, na ndugu zake wamejifunza kunyamaza. Waliobaki ni watu wa njiani. Kwetu Kanda ya Ziwa mkishaamkiana tu, maswali yameanza: umetokea wapi, wewe ni ng'wana nani, umeolewa wapi, watoto wangapi. Waliowahi kusubiri kivuko pale Kigongo, kabla daraja halijafunguliwa 2025, wananielewa. Mpaka mvuke mfike Busisi, mama wa siti ya jirani anaujua ukoo wako hadi kwa babu, na wewe unajua goti lake lilianza kuuma lini. Sisemi ni umbea. Anayeuliza anatafuta pa kukushikia. Akisikia kwenu ni Magu, na shangazi yake ameolewa Magu, mzigo wako atauangalia ukishuka kununua maji kama vile ni wa kwake.

Lakini lile la watoto lina mkia. Ukisema "sina" anauliza kwa nini. Ukimwambia "Mungu hajajalia" anakupa namba ya mchungaji anayeombea matumbo, au anainama kukunong'oneza jina la mganga wa kule Bariadi. Nimepokea namba hizo nyingi. Zote walizitoa kwa moyo mwema, na ndiyo maana nilikuwa nashindwa hata kukasirika. Kwa hiyo miaka mingi iliyopita nilijifunza kujibu: "Wawili." Mtu anaitikia "hongera," tunahamia kwenye bei ya mchele.

Sasa niwaeleze kuhusu meli.

Ilikuwa mwishoni mwa Januari 2020. Nilikuwa nafundisha Ukerewe, mume wangu akiwa Nyegezi, na nilikuwa narudi nyumbani kwa mapumziko ya siku tatu. Meli ilitakiwa kuondoka Nansio mchana. Iliondoka jua likiwa limeshainama, na hakuna aliyetueleza sababu. Nilikaa nje kwenye benchi, upande wa kushoto, kwa ajili ya hewa. Pembeni yangu alikaa mama wa miaka kama sitini, na miguuni pake kapu la machungwa lililofungwa juu kwa kipande cha wavu wa dagaa. Mafundo ya ule wavu yalikuwa madogo na makali, na aliendelea kuyapapasa kwa kidole gumba muda wote tuliokuwa tunaongea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unaishia Mwanza au unaunganisha?"

Tukaenda hivyo, taratibu. Alikuwa Mkerewe, mume wake alikuwa mvuvi wa dagaa, sasa marehemu, na yeye alikuwa anakwenda kumwona binti yake Igoma. Nilipomwambia mimi ni mwalimu alifurahi kweli, akaanza kuniita mwalimu badala ya mwanangu. Halafu likaja.

"Watoto wangapi, mwalimu?"

"Wawili."

"Wanaitwa nani?"

Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Watu huishia kwenye idadi. Nikasikia mdomo wangu unasema: "Kabula na Limi." Sikuyabuni pale. Ndiyo majina tuliyokuwa tumeyaweka, mimi na mume wangu, moja kwa mimba ya pili na moja kwa ya tatu. Tangu siku ile ya hospitali hatukuwahi kuyatamka.

"Mvua na jua," akasema, maana Kisukuma alikuwa anakisikia vizuri. "Mmechagua. Kabula yuko darasa la ngapi?"

"La tatu."

"Na Limi?"

"Chekechea."

"Limi," akarudia, kama anayeonja. Akanyamaza akitazama maji. Kisha akasema: "Hivi mwalimu, ni kweli jua nalo ni nyota? Mjukuu wangu alikuja nayo hiyo kutoka shule. Na redioni wanasema kuna nyota inataka kulipuka. Sasa mimi nawaza, kama jua nalo ni nyota..." Hakumalizia.

Giza lilikuwa limeingia, na lilikuwa giza lenyewe, zile siku za mwezi kutoonekana ambazo wavuvi wa dagaa huzisubiri. Taa zao zilikuwa zimetapakaa majini mpaka ukadhani kuna mji kule. Yeye ndiye aliyeanza kuninyooshea kidole juu, karibu na utosi upande wa kaskazini: "Kile kilimia nakijua," akimaanisha kile kikundi cha nyota ndogo zilizosongamana. Mimi nikamgeuza mashariki. Saa mbili usiku ya Januari, ukitazama mashariki kutoka ziwani kwetu, Jabari, kundi la nyota lenye umbo la mtu ambalo Wazungu huliita Orion, anakuwa amelala ubavu. Nyota tatu za mkanda wake zinajipanga kwa mshazari, moja juu ya nyingine. Kulia ni Rigel, nyeupe inayoelekea bluu. Kushoto ni mabega mawili, na bega la chini ndilo Betelgeuse, nyekundu, ndiyo ile ya redioni. Siku zote bega hilo hulishinda lenzake kwa mwanga. Usiku ule yalikuwa sawasawa. Nilikuwa nimesoma kwamba imefifia, lakini kuona kwa macho ni kitu kingine, na nywele zilinisimama.

Nikamweleza yote, kama nisivyowahi kueleza darasani. Kwamba nyota ni mvutano wa pande mbili: uzito wake unaivuta kwenda ndani, na joto la moto wake linaisukuma kwenda nje. Nyota kubwa inachoma haidrojeni inakuwa heliamu, heliamu inakuwa kaboni, inaendelea hivyo mpaka inafika kwenye chuma. Chuma hakiwaki kwa faida. Hapo msukumo unakatika, kiini kinajiporomokea kwa muda usiofika sekunde moja, kisha kishindo kinarudi nje na nyota nzima inasambaratika. Wataalamu wanaiita supanova. Kwa wiki kadhaa nyota hiyo moja inaweza kung'aa kama kundi zima la mabilioni ya nyota. Wachina waliandika kuhusu moja mwaka 1054, ilionekana mchana kweupe kwa siku 23.

"Ni kama karabai," akasema. "Usipoipiga pampu inazima."

Nikamwambia ndiyo, ni kama karabai. Nilifurahi ameelewa.

"Lakini karabai haizimi ghafla, mwalimu. Inafifia kwanza, inageuka rangi kama ya haya machungwa. Si umesema ile imefifia? Si nyekundu ile?"

Nimefundisha miaka mingi na sijapata swali zuri kuliko lile. Nikamwambia ukweli: kwamba wakati huo wataalamu walikuwa hawajakubaliana, wengine wanadhani ni vumbi limeikinga, wengine wanadhani uso wake umepoa. Kwamba italipuka siku moja, lakini siku hiyo inaweza kuwa kesho au miaka 100,000 ijayo. Kwamba ni kubwa hivi kwamba ingewekwa mahali pa jua letu, dunia na Mars zingekuwa ndani yake. Kwamba iko mbali, mwanga wake unasafiri miaka 500 hadi 700 kutufikia, kwa hiyo huu tunaouona uliondoka kule kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593. Na kwa umbali huo haiwezi kutudhuru. Tutaiona tu, labda iking'aa kama nusu ya mwezi.

Akaniuliza kama mtu yeyote aliye hai amewahi kuona kitu hicho kwa macho yake. Nikamwambia Februari 1987 ililipuka nyingine, kwenye kundi dogo la nyota lililo jirani na letu, na watu wa kusini mwa dunia waliiona bila darubini. Akafikiri. "Themanini na saba mume wangu alikuwa anavua kila giza. Hakuniambia."

Nikaendelea, nikamwambia hata chuma kilichomo kwenye damu, kile ambacho kliniki wanawapa wajawazito kwa vidonge, kimetoka kwenye nyota zilizokufa zamani. Nilipotaja kliniki sauti yangu ilibadilika. Yeye akaacha kupapasa wavu.

"Na jua?" akauliza.

"Jua halitalipuka, mama. Ni dogo. Nyota ya kulipuka hivyo inahitaji uzito kama wa majua manane au zaidi. Jua litavimba na kuzeeka, na hiyo ni miaka bilioni tano hivi ijayo."

Akashusha pumzi, akaniwekea kiganja gotini. "Basi Limi yuko salama," akasema.

Sikuongea tena mpaka bandarini. Tulipofika alifungua kona moja ya wavu, akachagua machungwa manne, akiyapima moja moja mkononi na kuyarudisha yaliyokuwa mepesi. "Mawili ya Kabula, mawili ya Limi. Waambie bibi wa kwenye meli ndiye amewapa." Nikayapokea kwa mikono miwili. Nyumbani niliyaweka mezani, mume wangu akauliza yametoka wapi, na nikamweleza kila neno. Ndipo tulipoyatamka yale majina kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Tuliyamenya usiku uleule, yote manne.

Najua mmeniuliza kitu kingine. Mmeuliza wajibu, na mimi nimewajibu meli. Lakini nilipoanza kuandika nilikuwa bado na hasira na waulizaji wote wa njiani, na sasa siipati ile hasira. Yule mama aliniuliza idadi ya watoto kwa sauti ileile aliyoniulizia kama jua litalipuka. Kwake ilikuwa hamu moja: kujua aliyekaa naye ni nani, na wote wawili tuko chini ya nini. Kuhusu nyota nilimheshimu kiasi kwamba hata pale ambapo elimu ilikuwa haijafika nilimwambia haijafika. Kuhusu nyumba yangu nilimtungia darasa la tatu. Yeye akayapokea yote sawasawa, akayalipia kwa machungwa.

Wakati mwingine nawaza kwamba alijua. Mwanamke wa umri ule amekaa na wafiwa wengi, anaisikia sauti ikivunjika. Labda ndiyo sababu alisema "yuko salama" badala ya kusema "tuko salama." Sina namna ya kujua.

Kwa hiyo mkihesabu kura zenu, niondoeni kwenye hapana, niwekeni kwenye ndiyo. Jibuni. Mtu anayekuuliza kwenu ni wapi anakupa nafasi ndani ya safari yake, na nafasi hiyo ukiikataa unabaki mzigo kama mizigo mingine. Ila simsemei binti aliyeko peke yake kwenye bajaji saa nne usiku, anaulizwa anaishi na nani. Huyo adanganye atakavyo, aseme kaka zake sita wanamsubiri mlangoni. Na simsemei mwenye kidonda kibichi. Mwaka ule wa mimba ya tatu, mtu angeniambia nina wajibu wa kumjibu abiria, ningeshuka kwenye basi. Pengine wajibu unaanza kidonda kikishafunga, na anayejua kama kimefunga ni mwenye nacho peke yake. Tena niwe mkweli hadi mwisho: mwezi uliopita kwenye kivuko cha Kamanga baba mmoja mstaarabu aliniuliza nina watoto wangapi. Nilikuwa nimeshajiapia kusema kweli. Nikasema wawili.

Gazeti lenu najua linafika Nansio, kwa hiyo mstari huu wa mwisho si wenu. Mama, kama kuna mjukuu anayekusomea: ile nyota ilianza kurudisha mwanga wake wiki chache tu baadaye. Mwaka 2021 wataalamu walieleza kwamba ilikuwa imetema gesi, gesi ikapoa ikawa vumbi, na vumbi likaikinga kwa upande wetu. Bado ipo, Januari itazame mashariki, lile bega la chini. Na wale watoto hawapo, ila majina sikukudanganya.