Picha za Idi na jua la utosini

Swali: Shikamoo. Kila Idi huwapiga picha watu wa nyumbani uani kwetu Majengo saa sita mchana, na macho yao hutoka meusi. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mwanangu. Mombasa iko karibu na ikweta. Saa sita jua husimama utosini na kutia kivuli machoni. Waketishe barazani kivulini, wakielekea kwenye mwanga, au ngoja saa kumi na moja. Mimi huanzia jikoni asubuhi: mikono ya bibi yenye hina ikimimina tui, mvuke ukipita kwenye nuru ya dirisha. Hapo simpangi mtu, ila ruhusa naomba. Watoto wakikimbia, weka kasi ya kamera 1/500 ya sekunde, piga magoti. Mama yangu sina picha yake akicheka. Tafadhali, bibi mpige picha kwanza.