Mtunzi wa muziki aingie lini kwenye filamu?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nimemaliza kuhariri filamu ya dakika 22 niliyoipiga Mikindani, inayomhusu mama anayemsubiri mwanawe mvuvi. Wakati wa kuhariri niliweka muziki wa filamu moja ya kigeni ninayoipenda, kisha nikampelekea prodyuza wa hapa Mtwara atunge unaofanana nao. Amejaribu mara tatu na kila mara naona haufiki. Je, kasoro ni uwezo wake au vifaa vyake? Na ule ushirikiano wa mwongozaji na mtunzi, unaosifiwa siku zote kwa majina yale yale, unawezekana kwa watu wa kipato chetu?

Jibu: Marahaba, ndugu mwongozaji. Nimesikiliza vipande vyote vitatu ulivyonitumia, na kwa maoni yangu kasoro haiko kwa mtunzi wala kwenye kompyuta yake. Ulimwita wakati uamuzi ulikwisha kufanyika, tena kwa muziki wa mtu mwingine. Ulikata picha ukifuata biti za muziki ule wa kigeni, ukausikiliza pamoja na picha hadi masikio yako yakauzoea, na sasa muziki wowote mwingine unaokaa hapo utauona umewahi au umechelewa, hata ukiwa bora kuliko wa mwanzo.

Jambo hili limewapata wakubwa pia. Mtunzi Alex North alikuwa amekwisha kumfanyia mwongozaji Stanley Kubrick muziki wa filamu ya Spartacus mwaka 1960, na akaitwa tena kwa ajili ya 2001: A Space Odyssey. Alitunga na kurekodi zaidi ya dakika 40, lakini Kubrick, aliyekuwa amehariri kwa rekodi za muziki wa Ulaya zilizokuwepo tayari, alibaki na rekodi za namna hiyo. North alikuja kufahamu kwamba kazi yake haimo alipoitazama filamu yenyewe, mwaka 1968. Filamu ilifanikiwa sana, sikatai, ila ushirikiano wao uliishia hapo.

Ukiuliza ushirikiano mwema ulivyo, watu watakutajia waongozaji na watunzi wao: Hitchcock na Herrmann, Leone na Morricone, Spielberg na Williams. Wanastahili sifa hizo. Hata hivyo, kwa shida uliyo nayo wewe, naona mwalimu bora zaidi ni mtunzi Fumio Hayasaka wa Japani, ambaye wapenzi wengi wa filamu za Akira Kurosawa wameusikia muziki wake bila kulijua jina lake. Walianza pamoja mwaka 1948, katika filamu ya jambazi mgonjwa wa kifua kikuu anayepoteza heshima yake mtaani. Kurosawa ameeleza kwamba siku aliyopata habari ya kifo cha baba yake alitembea mjini akiwa na huzuni, akausikia wimbo mwepesi wa kuchangamsha, Cuckoo Waltz, ukitoka kwenye kipaza sauti, na wimbo ule ukamzidishia uchungu. Alimwomba Hayasaka auweke wimbo huo huo mahali ambapo jambazi anapita sokoni akiwa amekwisha kudharauliwa. Mtunzi mwenye kiburi angekataa kuwekewa wimbo wa kipaza sauti mahali pa kazi yake. Hayasaka alielewa na kukubali, na tangu hapo wawili hao walifanya kazi kwa kuulizana muziki unapingana na nini katika picha, badala ya kuulizana unafanana na nini. Ndivyo walivyofika Rashomon mwaka 1950 na Seven Samurai mwaka 1954. Hayasaka alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka 41, huku kazi ya filamu nyingine ya Kurosawa ikiwa mkononi, ikabidi Masaru Sato aimalizie.

Kijana mmoja aliyewahi kumsaidia Hayasaka alikuwa Toru Takemitsu. Huyu anajulikana zaidi kwa muziki wa jukwaani, lakini kwangu mimi kazi yake na waongozaji Hiroshi Teshigahara na Masaki Kobayashi ndiyo somo kamili la sauti katika filamu. Katika Kwaidan ya mwaka 1964 alirekodi mlio wa mbao zikipasuka, akaubadilisha kwa mitambo ya studio, akautumia kama muziki katika hadithi ya mume anayemrudia mkewe wa zamani, na papo hapo sauti za kawaida za nyumba zikaondolewa. Hilo haliwezekani kama mtunzi na mtu wa sauti hawajawahi kukaa pamoja, wala kama mwongozaji anapeleka picha iliyokwisha kujazwa. Takemitsu huyo huyo alipomfanyia Kurosawa Ran, mwaka 1985, walivutana, kwa sababu mwongozaji alikuwa na sauti ya Mahler, mtunzi wa okestra wa Ulaya, kichwani na alitaka apewe ya kufanana nayo. Pale vita vya ngomeni vinapopiganwa bila kelele yoyote ila muziki, hadi mlio wa bunduki unapoukata, utaona walichoweza kufikia. Lakini baada ya hapo hawakufanya kazi pamoja tena.

Kuhusu kipato, mtazame mwongozaji Djibril Diop Mambéty wa Senegali. Muziki wa filamu yake Hyènes, ya mwaka 1992, aliutunga mdogo wake, Wasis Diop. Mtu aliyekua nyumba moja na mwongozaji hahitaji kuelezwa mtaa unalia vipi, na ukaribu wa namna hiyo haununuliwi. Wewe unao tayari: prodyuza wako amekulia pwani hii, anajua Mikindani inavyosikika alfajiri. Ulimpa kazi ya kuiga wakati angeweza kukupa anachokijua.

Sasa tuje kwenye filamu yako. Ondoa muziki wa kigeni wote, kisha acha siku kadhaa zipite kabla ya kutazama tena. Halafu keti na mtunzi, mtazame filamu nzima kimya kimya, na mkubaliane kwanza ni wapi pasiwe na muziki. Kwa jinsi ninavyoiona mimi, mahali pa kwanza ni pale mama anaposimama ufukweni, boti zinaingia moja moja, na ya mwanawe haimo. Hapo umeweka zeze la huzuni, na mtunzi wako, kwa kukutii, ameweka zeze jingine. Lakini nyuma ya mama kuna nyumba yenye redio, inaonekana wazi dirishani. Jaribuni kuiacha redio hiyo ipige wimbo wa furaha, kwa sauti ya mbali, na injini za boti zizimike moja baada ya nyingine. Mtunzi autunge wimbo huo wa redio. Ni kazi ya muziki kamili, tena ngumu. Wala msikimbilie ngoma za sindimba kwa sababu tu filamu ni ya Mtwara. Kama hakuna anayecheza ndani ya hadithi, zitasikika kama pambo.

Pale mama anapozungumza na jirani, maneno hayasikiki vizuri kwa sababu usikivu wa maneno unategemea zaidi eneo la kati ya hezi (mitetemo ya sauti kwa sekunde) 300 na 3,400 hivi, na zeze linaimba humo humo. Kupunguza sauti ya zeze hakutoshi. Mtunzi ashuke chini ya eneo hilo, au anyamaze hadi sentensi iishe. Akishuka, aangalie injini ya boti, maana nayo inakaa chini na itagombana na besi.

Mpe faili la picha iliyokwisha kufungwa, yaani ambayo hutaikata tena, likiwa na fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde kama ulivyopiga. Filamu ya dakika 10 ya fremu 24 ikichezwa kwa fremu 25 hupungua sekunde 24, na muziki wote unahama. Mwambie pia aweke mradi wake kwenye kasi ya kurekodi ya hezi 48,000, inayotumika kwenye filamu, kwa kuwa studio nyingi za muziki zimezoea 44,100. Kama mtahitaji biti iangukie kwenye mkato, mwendo wa biti 75 kwa dakika unampa fremu 20 kamili kwa kila biti, na wa biti 100 unampa fremu 15.

Muziki wa kigeni usibaki hata sekunde moja, kwa sababu huna ruhusa yake, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwenye kazi hiyo kama inavyomlinda prodyuza wako. Andikeni naye mkataba unaotaja malipo, nani anamiliki rekodi, na jina lake litatokea wapi. Mimi ningeliweka mwanzoni, karibu na lako. Mkataba huo huo utaje pia kwamba katika filamu ijayo atapewa mswada kabla hujaanza kupiga picha.