Maswali na majibu: Uzamili wa elimu ya kilimo, ugani na mawasiliano

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jina la shahada kabla ya kutaja kazi ambayo mwandishi wake anataka kuifanya. Katika fani hii utaratibu huo huwapoteza watu, kwa kuwa majina ya shahada yanafanana huku kazi zikitofautiana sana. Nimechagua tano.

*Nina shahada ya kwanza ya kilimo na ni afisa ugani wa kata mkoani Njombe, mwaka wa nne sasa. Nisome uzamili wa ugani au wa elimu ya kilimo?*

Elimu ya kilimo humwandaa mtu atakayefundisha shuleni au chuoni, kwa hiyo sehemu kubwa ya masomo yake ni mitaala, mbinu za kufundishia na upimaji. Ugani unashughulika na mtu mzima ambaye hakuomba kufundishwa, hana mtihani mbele yake, na akiona unampotezea muda Jumanne hii, Jumanne ijayo hutamwona kwenye shamba darasa. Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoko Njoro nchini Kenya, kina uzamili wa elimu ya kilimo na uzamili wa ugani, kila mmoja peke yake. Makerere wanauita elimu ya ugani wa kilimo, jina linaloweza kukufanya udhani ni ualimu. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kina masomo ya ugani na pia ya maendeleo vijijini. Omba orodha ya kozi za kila muhula uisome yote, kwa maana huko ndiko utakakojua unachokwenda kusomea.

Kwako wewe ningeshauri ugani, na hiyo miaka minne ya kata ni mtaji mkubwa kuliko unavyodhani. Chukua mfano wa dodoso linalomuuliza mkulima, "Je, unatumia mbolea?" Mwanafunzi aliyetoka chuoni moja kwa moja ataandika "ndiyo" kwa kaya karibu zote, aende nyumbani akifurahia takwimu zake. Wewe utajua kwamba mama yule alikuwa akizungumzia samadi ya ng'ombe wake watatu, na kwamba ilitakiwa aulizwe kuhusu mbolea ya dukani, kisha ya kupandia kando na ya kukuzia kando. Tasnifu nzima inaweza kusimama au kuanguka kwa swali kama hilo.

*Ninafundisha kwa muda katika shule binafsi Nakuru. Shahada yangu ni ya kilimo bila ualimu. Nikipata uzamili wa elimu ya kilimo, TSC (tume ya walimu ya Kenya) itanisajili?*

Usiutegemee uzamili kwa jambo hilo. Tume inatazama mafunzo ya ualimu yenyewe pamoja na masomo mawili ya kufundishia, na mwenye shahada isiyo ya ualimu kwa kawaida hupitia stashahada ya uzamili katika elimu. Anza na hiyo, uzamili ufuate baadaye.

*Ni mtangazaji wa redio ya jamii Dodoma, nina shahada ya uandishi wa habari. Kipindi changu kinachosikilizwa zaidi ni cha wakulima. Je, fani hii ina nafasi kwa mtu asiyesomea kilimo?*

Inayo, ingawa mlango ni mwembamba. Chuo Kikuu cha Nairobi kina uzamili wa usimamizi wa habari na mawasiliano ya kilimo, na baadhi ya idara za ugani hupokea wenye shahada za sayansi ya jamii, wakati mwingine kwa sharti la kusoma kozi kadhaa za ziada. Uliza kabla ya kulipa ada ya maombi, na jibu ulipate kwa maandishi.

Tofauti kati ya shahada hii na ile uliyonayo ni kwamba hapa ujumbe haupimwi kwa idadi ya waliousikia, bali kwa kilichobadilika shambani baada ya kusikika. Ushauri wa mbolea ya kupandia mahindi, mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ekari, ni sahihi kabisa na pia haumsaidii mtu ambaye shamba lake halijawahi kupimwa. Ushauri uleule ukisemwa kuwa ni kizibo kimoja cha soda kwa kila shimo la mbegu mbili, mashimo yakiwa sentimita 60 na mistari sentimita 75, unatekelezeka asubuhi hiyohiyo kwa kifaa kilichookotwa nje ya duka. Nani aligundua kwamba kizibo kinatosha, nani alikijaribu, kwa nini kijiji jirani walikikataa: hayo ndiyo maswali ya uzamili wa mawasiliano ya kilimo. Hata hivyo, jifunze kilimo kidogo kabla ya kuomba. Mtangazaji asiyeweza kutofautisha dalili za viwavijeshi vamizi na za bungua wa mabua atabaki kusoma karatasi za watu wengine.

*Nimeona vyuo vya Marekani vinaunganisha elimu, mawasiliano na uongozi wa kilimo katika idara moja. Kwa nini? Na mtu kutoka huku anawezaje kumudu gharama?*

Muungano huo una historia. Sheria ya Smith-Lever ya mwaka 1914 iliweka ugani chini ya vyuo vikuu vya majimbo, na ile ya Smith-Hughes ya mwaka 1917 ikatoa fedha za serikali kuu kwa ajili ya kufundisha kilimo katika shule za sekondari. Kwa hiyo mwalimu wa kilimo na afisa ugani walitoka chuo kimoja, na mawasiliano na uongozi vikaja kuungana nao. Oklahoma State University ina idara yenye mambo yote matatu katika jina lake.

Kuhusu gharama, tafuta nafasi ya usaidizi wa utafiti au wa kufundisha, ambayo mara nyingi husamehe ada na kutoa posho kwa kazi ya saa 20 kwa wiki. Njia ya tasnifu ndiyo yenye nafasi hizo zaidi, kwa kuwa profesa anamlipa mtu wa kufanya utafiti wake. Kwa ile ya kozi tupu, mwanafunzi kwa kawaida hujilipia mwenyewe. Mwandikie profesa mmoja mmoja ukionyesha umesoma kazi zake. Mantiki hiyohiyo iko hapa kwetu: ruzuku za utafiti za RUFORUM, mtandao wa vyuo vikuu vya Afrika wenye makao yake Makerere, hupewa mhadhiri, naye ndiye anayewachukua wanafunzi wa uzamili.

Upande wa uongozi una thamani kwa anayesimamia watu. Lakini kama unalenga vyama vya ushirika, Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kitakufaa zaidi kuliko safari ya Marekani, na wasomi wenzako watakuwa wanazijua AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya kuuza mazao, kwa ndani.

*Nina miaka 46, ni mtumishi wa halmashauri. Nimechelewa?*

Hujachelewa. Ukimaliza ukiwa na 48, utakuwa na miaka 12 kabla ya kustaafu kwa lazima. Kikwazo chako ni ruhusa ya masomo: hakikisha jina lako limo katika mpango wa mafunzo wa mwajiri kabla hujaomba chuo, kwa sababu barua ya udahili iliyotangulia ruhusa imewaponza wengi.