Kuchonga gia kwa kipande cha sabuni

Ukichonga samaki mkia ukaenda upande, utasema anaogelea. Gia haina kisingizio hicho. Jino moja likiwa nene kuliko wenzake, hata mtoto ataliona. Kwa hivyo kabla ya kisu, tafuta bikari.

Chora duara juu ya sabuni. Usibadilishe upana wa bikari. Tembeza ncha yake kwenye mstari wa duara, nayo itaingia mara 6 kamili. Ukiunganisha alama hizo kwa rula, umepata umbo la nati. Kwa gia, gawanya kila nafasi katikati, una alama 12, kila moja ni katikati ya jino la gia. Usitake zaidi ya 12. Meno yakiwa membamba hukatika, na hasira zake nazijua.

Mimi hupenda mche wa kufulia: mnene, na bei haiumizi. Ulio mbichi hunata kwenye kisu, uliokaa dukani mpaka ukakauka hupasuka. Bonyeza kwa ukucha. Ukiacha alama safi bila kunata, uko sawa. Zile sabuni za gliserini, zinazopenya nuru, achana nazo hapa Mombasa. Gliserini huvuta unyevu wa hewani, na pwani yetu unyevu haujawahi kuadimika, masika ndiyo usiseme. Utaamka ukute gia imetoka jasho.

Tundu la katikati litoboe mwanzo kabisa. Wengi huliacha mwisho, wakati ukuta umeshakuwa mwembamba, na kazi yote inapasuka vipande viwili. Tumia msumari, uzungushe polepole, nusu upande huu, nusu upande wa pili, zikutane ndani.

Sasa meno. Kwa kweli huchongi meno, unatoa mapengo. Kata wima pande mbili za pengo, kisha punguza kilicho katikati kidogo kidogo, kutoka ukingoni kwenda ndani. Acha shina la jino liwe pana kuliko ncha, kama gia za chuma zilivyo. Likikatika, loweka chenga za sabuni kwa maji machache zifanye uji mzito, libandike nao, usiliguse mpaka kesho.

Usilainishe kwa kidole chenye maji. Kwa mgongo wa kasa ni sawa, lakini kona za mashine zitabaki kama peremende iliyomumunywa. Kwangua kwa makali ya rula, pangusa kwa kitambaa kikavu, kausha kivulini.

Na kabla hujapanga gia zako kwenye ubao, pita gereji uzitazame za kweli zikifanya kazi. Mbili zikishikana, moja huenda kulia, nyingine kushoto. Ukiweka tatu, kila moja ikagusa zote mbili, hakuna itakayozunguka, na fundi yeyote atakucheka. Zipange kwa mstari.